Ngome ya kijeshi ya zamani huku Dodoma: watoto tuwapeleke wapi?

MamaWaNkuhungu

Habari za jioni wadau, naombeni mwongozo.

Nina mtoto wa darasa la tano. Tangu mwalimu wao aanze kuwafundisha habari za ukoloni, nyumbani hakukaliki. Anachora ngome asubuhi na jioni. Daftari la Hisabati, kurasa za nyuma zote ni minara, matundu ya kupitishia bunduki, na askari mmoja ambaye hahami, kasimama pale pale na kofia yake yenye kitambaa cha kufunika shingo. Juzi kanifuata jikoni nasonga ugali: "Mama, huku kwetu kuna ngome?" Nikamjibu ipo, Bagamoyo, Kilwa, Zanzibar. Akaniangalia kama vile sijasikia. "Mama, nimesema huku kwetu."

Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa Dodoma na sikuwa na la kumwambia.

Baba yao ana likizo fupi kuanzia Alhamisi ijayo, na gari tumepata, Noah ya kukodi. Tutakuwa mimi, mume wangu, huyo mchoraji, mdogo wake wa darasa la pili, na kitinda mimba wa miaka minne ambaye akipanda gari tu anatapika. Mama mkwe wangu yupo kwetu, katoka Bahi kutibiwa goti, naye katangaza kwamba hawezi kuachwa alinde kuku wakati wajukuu wanakwenda kutembea. Kwa hiyo pawe mahali mtu mzima mwenye goti bovu anaweza kuingia bila kupanda milima.

Chakula tutabeba wenyewe. Ninachotaka ni mahali watoto waone kitu cha kweli na awepo mtu wa kuwaeleza, siyo twende tukaonyeshwe ofisi ya serikali yenye bendera halafu tuambiwe "hapa zamani walikaa Wajerumani". Na je, ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, au tujiandae kulala huko?

Kijiweni_DOM

Dada, wapeleke Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Ukuta upo, askari wapo, na bila kitambulisho huingii. Hiyo ndiyo ngome ya huku kwetu.

MwalimuMstaafu_Mtanana

Mwanangu, marahaba, ingawa shikamoo hukuitoa.

Nimefundisha shule za msingi za Kongwa na Mpwapwa hadi nikastaafu, kwa hiyo swali la mjukuu wangu huyo limeniamsha kitini. Mwambie hivi: ngome zilikuwepo, na ya kwanza ya Wajerumani katika nchi hii ya kati ilikuwa Mpwapwa. Lakini kabla hujampeleka mtoto popote, mweleze kwanza kwa nini Mpwapwa, maana asipojua hilo atakachokiona ni mawe.

Msafara umetoka Bagamoyo. Wapagazi mamia, kila mmoja na mzigo wa nguo, shanga au nyaya za shaba begani. Wanakwenda Tabora, wengine Ujiji, na kurudi watarudi na pembe za ndovu. Wakifika Mpwapwa wanakuta maji ya mlimani na nafaka ya kununua. Mbele yao, upande wa machweo, kuna pori kavu la Marenga Mkali, halafu Ugogo wenyewe, ambako kila mtemi anataka hongo yake ndipo aruhusu watu wachote kisimani. Basi hakuna msafara uliopita Mpwapwa bila kulala. Anayeishika Mpwapwa kaishika njia nzima.

Kampuni ya Kijerumani ikaliona hilo, ikaweka kituo. Mwaka 1889 Abushiri bin Salim, ambaye vita vyake hasa vilikuwa pwani, alipozidiwa kule akaja bara mpaka Mpwapwa akakiteketeza kituo. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, naye akapanda na kikosi chake mwaka huo huo, akajenga boma la kijeshi na kuacha askari. Mwezi Novemba Stanley alipopita hapo na Emin Pasha wakielekea pwani, aliwakuta Wajerumani wameshajikita. Mwezi uliofuata Abushiri akanyongwa Pangani. Yote hayo ndani ya mwaka mmoja. Mtoto wa darasa la tano hayo anayaweza vizuri, tena ukimchorea njia ya msafara kwenye mchanga hasahau.

Boma jingine lilikuwa Kilimatinde, huko Manyoni, juu kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa. Wakubwa wa Kijerumani waliitawala sehemu kubwa ya Ugogo wakiwa pale. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 mambo yakageuka, mji ukafuata treni, Kilimatinde ikabaki kando na hospitali yake ya misheni. La tatu ni Kondoa, ila hilo wenyeji wake wapo humu, watalisema.

Sasa nikupe maneno ya mwalimu. Majengo ya namna hii yaliyosalia yalirithiwa na serikali, Waingereza kwanza kisha sisi. Yamepigwa rangi, yameezekwa mabati, humo ndani kuna mafaili. Ukienda siku ya kazi unasumbua watu, ukienda Jumamosi unakuta kufuli. Na kupiga picha ofisi ya serikali bila ruhusa ni kujitafutia maswali. Kwa hiyo kama unataka mtu wa kuwaeleza watoto, siyo huku.

Kama unataka safari ya siku moja yenye harufu ya jeshi, mimi ningekwenda Kongwa. Kutoka mjini ni kama kilomita 90. Unakunja Mbande, lami. Pale kuna mambo mawili ambayo watoto wa Dodoma hawaambiwi. La kwanza, kuanzia mwaka 1947 Waingereza walitaka kuligeuza pori lile kuwa shamba la karanga kubwa kuliko yote duniani. Walikuwa na haraka mno, na matrekta hayatoshi, wakachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili vikageuzwa kuwa matrekta. Vifaru! Wakavikokotesha miti ya Ugogo. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ni saruji, mvua nayo unaijua, na mwaka 1951 mradi ukafa na mamilioni ya pauni yakafia humo. La pili ni kambi ya wapigania uhuru. Kuanzia mwaka 1964 FRELIMO wa Msumbiji walikuwa Kongwa, baadaye wakawepo ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe na MPLA wa Angola. Samora Machel kapita pale. Wapo waliozikwa pale pale, mbali na kwao. Usiende kienyeji, anzia ofisi ya wilaya, omba mtu wa kuwatembeza.

Kutoka Kongwa mnaweza kuteremka Mpwapwa, kama kuna muda, muone milima iliyowavuta wote hao. Mkifika, waonyeshe watoto na ng'ombe wa aina ya Mpwapwa, waliozalishwa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo. Siyo ngome, lakini mama mkwe wako ni wa Bahi. Utaona mwenyewe atakapokaa muda mrefu zaidi.

Mtani_wa_Kalenga

Mwalimu nimekusoma kwa heshima zote, lakini na sisi tupo.

Mama wa Nkuhungu, mtani wangu, ngome unayoitafuta ipo Kalenga. Wajerumani walijenga maboma yao, sawa, ila kuna Mwafrika aliyejenga ngome yake mwenyewe kuwasubiri. Mtwa Mkwawa. Ukuta wa mawe na udongo umeuzunguka mji mzima, kilomita kadhaa, Mto Ruaha Mdogo upo kando. Wajerumani wenyewe walipoufikia walistaajabu.

Mpe kijana huu mpangilio. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, Wahehe wamelala kwenye majani na mikuki, kikosi cha Zelewski, kamanda wa Kijerumani, kinapita kwa mstari mmoja mrefu. Wakamuua Zelewski mwenyewe na wengi wa askari wake. Kambi ya Lugalo ya Dar es Salaam imeitwa hivyo kwa sababu ya siku ile. Baada ya hapo Wajerumani walikaa miaka mitatu ndipo wakarudi, safari hii na mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mkwawa akatoka, akapigana vita vya msituni hadi Julai 1898, kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Walipomkaribia alijipiga risasi. Hakuna aliyeila ile zawadi kwa kumkamata akiwa hai.

Jumba la makumbusho la Kalenga ni dogo, lakini kilichomo ni kizito: fuvu la Mkwawa, ndani ya sanduku la kioo, pamoja na silaha za wakati ule. Iringa mjini penyewe kuna Boma la Wajerumani, jengo la mwaka 1900, sasa ni makumbusho ya mkoa tangu 2016, na wahudumu wapo. Goti la mama litafika bila shida, pote ni pa kutembea taratibu. Kutoka mjini kwenda Kalenga ni kama kilomita 15.

Angalizo: usimwahidi mtoto ukuta mrefu wenye minara. Ukuta ulibomolewa. Yaliyobaki ni mabaki tu, na nyumba za watu zimo ndani ya ngome.

DerevaWaNjiaZote

Naongezea upande wa barabara tu, mambo ya fuvu sina utaalamu.

Dodoma–Iringa kupitia Mtera ni kilomita kama 260, lami yote. Na watoto, andika saa nne na ushee, usiandike tatu. Kwenda na kurudi siku moja inawezekana kwa dereva peke yake, kwa familia ni mateso. Lala Iringa. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijaanza kuwachoma Fufu. Kwenye vijiji vibao vya 50 vifuateni, tochi zipo na hazina undugu.

Huyo mdogo anayetapika: asinywe maziwa asubuhi, mpe mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha kidogo, kaa naye dirishani, simu asiishike. Mfuko wa rambo uwe mkononi, siyo kwenye buti. Pa kumchunga hasa ni Nyang'oro, kona za mlimani. Na wewe mwenye usukani, ukishuka Nyang'oro shuka na gia, breki za Noah za kukodi huzijui.

Mtera simameni, samaki wa kukaanga wa moto moto wapo. Ila pale kwenye bwawa simu ziwekeni mfukoni, kuna ulinzi.

Iringa ni baridi. Watu wa Dodoma mnakuja na fulana halafu mnaanza kuulizia duka la masweta.

BintiKondoa

Mwalimu katutaja nami sikai kimya. Kondoa ni kilomita 155 hivi, lami, mnapita Mayamaya, Chemba, mmefika. Boma la Wajerumani lilikuwepo na vita vya kweli vimepiganwa kwetu, siyo hadithi.

Ni Vita Kuu ya Kwanza. Aprili 1916 Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, upande wa Waingereza, aliteremka kutoka kaskazini na askari wa farasi, masika yamepamba moto. Farasi wakafa njiani kama nzi, kwa ndorobo na maradhi. Aliyefika Kondoa alifika na jeshi lililochoka, bila chakula, magari yamezama kwenye tope nyuma huko. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akakusanya nguvu zake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei akawashambulia mlimani. Hakufaulu. Wakakaa wanatazamana kwa wiki kadhaa, wakipigana mizinga huku babu zetu wapo katikati. Kisha van Deventer akashuka kusini, na tarehe 29 Julai 1916 Dodoma ikachukuliwa.

Ila kwa watoto mimi ningewapeleka Kolo, kwenye michoro ya mapangoni. Ipo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Huyo anayechora kwenye daftari la Hisabati atawakuta waliomtangulia. Tatizo ni goti la bibi, kule ni kupanda.

MamaWaNkuhungu

Asanteni sana, na Mwalimu, shikamoo. Nimechelewa lakini imefika.

Mume wangu kasoma yote kakubali Iringa, tunalala usiku mmoja. Ila kuna jambo linanikwaza na naliuliza bila kumkosea mtu. Hilo fuvu. Mkubwa ana miaka kumi na moja, sina wasiwasi naye. Huyu wa kati ana saba, na mwaka jana tu tumemzika babu yake, na maswali yake hayajaisha mpaka leo. Mtoto wa miaka saba anaonyeshwa fuvu la mtu? Mama mkwe naye anasema kwao maiti haionyeshwi kama sahani kwenye kabati. Ninyi wenye watoto mlifanyaje?

Kijiweni_DOM

Wa miaka saba siku hizi kwenye simu anaangalia mambo ambayo hata mimi naogopa. Mpeleke.

MwalimuMstaafu_Mtanana

Marahaba mwanangu, tena marahaba.

Huyo kijana wa kijiweni msamehe. Mama mkwe wako kasema jambo la haki, na watu wasomi wanabishana juu ya hilo hilo kwenye makumbusho za Ulaya, ambako mafuvu ya babu zetu yamejaa makabati. Lakini mweleze mama kwamba fuvu la Kalenga halikuwekwa pale kwa maonyesho ya Mzungu. Lilirudishwa nyumbani. Wajerumani walikata kichwa cha Mkwawa kikapelekwa kwao. Vita vya Kwanza vilipokwisha, mkataba wa Versailles wa 1919, ule ule uliopanga mipaka ya mataifa, ukaweka kifungu cha 246: Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa. Halikurudi. Mpaka mwaka 1953 Twining, Gavana wa Tanganyika, alipokwenda Bremen mwenyewe, kwenye makumbusho yenye mafuvu kwa mamia. Wakachagua kwa vipimo, kwa kulinganisha na vichwa vya ukoo, na kwa tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 akamkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, mbele ya umati wa Wahehe.

Chifu Adam Sapi huyo ndiye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Bunge lipo Dodoma, mtoto akipita pale muulize Spika huyo alikuwa mjukuu wa nani.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi: mtoto wa saba mwambie mapema, ukiwa umekaa naye, siyo mlangoni. Mwambie kuna mtu aliyepelekwa mbali na kwao akarudishwa. Akitaka kuingia, aingie. Akisita, abaki nje na baba yake, hakuna mtihani. Mdogo wa miaka minne asiingie kabisa, siyo kwa kuogopa, ila ataanza kugonga kioo.

Mtani_wa_Kalenga

Mwalimu kamaliza. Nami naongeza moja: kwetu tunaingia mle kwa adabu, kofia chini, sauti chini. Mama mkwe akija na kanga yake hatakuwa mgeni.

MamaWaNkuhungu

Wadau, tumerudi salama. Niliahidi mrejesho, huu hapa, usingizi umenishika kwa hiyo mtavumilia.

Dereva, ubarikiwe. Muhogo wa kuchemsha umefanya kazi hadi Nyang'oro. Nyang'oro mfuko wa rambo ulikuwa kwenye buti, kama ulivyosema usiwe. Tuishie hapo.

Boma la Iringa tulianza nalo. Mchoraji wangu alishuka na daftari na rula, akapima mlango. Kuta ni nene kweli, mkono wake wote unaingia kwenye dirisha na bado haujatokea upande wa pili. Mhudumu akawaambia jengo lilianza kama hospitali ya jeshi. Kijana akafunga daftari. "Mama, tumekuja hospitali?" Ila alipozunguka ndani alipoa, hasa kwenye mambo ya vita na ya machifu, na mama mkwe akajipatia kiti kivulini akawa anamsahihisha kila mtu kuhusu vyombo vya jadi, kipi cha kuwekea maziwa na kipi siyo. Nilimwacha na wasikilizaji wake.

Kalenga ndiko tulikokaa. Mtani, ulisema kweli, ukuta siyo ule wa kwenye daftari. Lakini yule mwenyeji wetu alifanya jambo la busara sana: hakuanza ndani. Alimchukua kijana nje, akamwonyesha kwa kidole, ukuta ulipita huku, ukazunguka kule, mizinga ilikuwa upande ule. Mtoto akawa anageuka na mkono kama dira. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba ngome ni mji wa watu, kina mama walipika humo, ng'ombe walikuwa humo. Aliuliza walipata wapi maji siku za mizinga. Swali zuri kuliko yote niliyomsikia akiuliza kuhusu Hisabati.

Fuvu. Wa miaka saba nilimwandaa kama Mwalimu alivyosema, njiani, tukiwa Migoli. Akaingia amenishika kidole. Alitazama muda kidogo, kisha akaninong'oneza, "Mama, kwao wanajua yupo hapa?" Nikamwambia wanajua, hapa ndipo kwao. Akasema sawa, akatoka. Amelala usiku mzima bila kuweweseka. Mama mkwe, yeye aliyekuwa amesema habari za sahani kwenye kabati, aliivuta kanga kichwani akasimama pale zaidi yetu sote. Sikumuuliza.

Sasa jambo lenyewe. Njia ya kurudi, Mtera, tumekaa na samaki, mikono yote mafuta, kijana akaanzisha tena: Wahehe walikuwa na ngome, Wajerumani walikuwa na ngome, Wagogo je? Baba yake akaanza kumweleza Mpwapwa na Wissmann. Mama mkwe akamkatisha. Akasema, "Hayo ni ya Wajerumani. Ya kwetu ilikuwa tembe."

Akamchorea mezani kwa mwiba wa samaki. Nyumba ndefu ya chini, paa la udongo lililolala, imekunja pande zote nne, mlango mmoja. Katikati ng'ombe. Usiku mlango unafungwa kwa magogo. Adui akija, mshale unatokea huku. Kijana akabisha, mbona haina mnara? Bibi yake akamwambia, "Mnara wa nini? Unapanda juu ya paa, unamwona Mhehe anakuja tangu kule." Watu wa meza ya jirani walicheka, nadhani walikuwa Wahehe.

Halafu akasema jambo ambalo mimi, mkwewe wa miaka yote hii, sikuwahi kulisikia kwake. Kwamba tembe haikuwasaidia vita vya Wazungu vilipokuja, kwa sababu wale hawakuja kuiba usiku, walikuja mchana na karatasi. Wajerumani walichukua ng'ombe na mtama, wakachukua wanaume wabebe mizigo. Wakaondoka. Wakaja Waingereza, nao wakachukua kilichobaki. Mvua ikakata. Hiyo ndiyo njaa wanayoiita Mtunya, bibi yake yeye aliipita akiwa msichana, na kulikuwa na watoto wa ndugu zake ambao majina yao hayakurithishwa kwa mtu. BintiKondoa, nilipomsikia nikakumbuka ulivyoandika juu ya yale majeshi kutazamana kwenu. Hao hao ndio walioshuka huku.

Kijana hakuandika kitu. Aliuliza kama bibi anaweza kumwonyesha tembe ya kweli. Bibi kasema kwao Bahi zimebaki chache, watu wameezeka mabati, lakini anamjua mzee mwenye nayo.

MwalimuMstaafu_Mtanana

Mwanangu, huyo mama mkwe mnunulie kitenge. Mtunya ilikuwa kati ya 1917 na 1920, na wazee walioweza kuisimulia kwa kusikia kwa aliyeiona wamebaki wa kuhesabu. Mwekee simu arekodi, hata kama ni akiwa anapepeta. Na kijana amwandikie majina anayoyakumbuka.

Mtani_wa_Kalenga

Hiyo ya kumwona Mhehe tangu kule nimeipokea. Mwambie bibi tulikuwa tunakuja kusalimia, ng'ombe walikuwa wanatufuata wenyewe.

MamaWaNkuhungu

Nimemsomea. Anasema warudisheni.

Mwalimu, nitarekodi. Kongwa tumeipanga likizo ya Juni, mume wangu hajaacha kuzungumzia vile vifaru vilivyogeuzwa matrekta. Ila kwanza ni Bahi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenda na kurudi.

BintiKondoa

Hiyo Noah ya Bahi imejaa? Nipo Area D, nina mmoja wa darasa la nne naye anachora, na mafuta tunachangia.

MamaWaNkuhungu

Nafasi mbili zipo, nyuma, karibu na anayetapika. Nitumie ujumbe faragha tupange.